Shika Hapa

Baba tulimzika Korogwe, Mei 2022, wiki ya pili baada ya Idi. Masika yalikuwa hayajaisha. Kaburi lililochimbwa alfajiri lilijaa maji, vijana wakawa wanayachota kwa ndoo huku jeneza likisubiri mabegani. Nilitazama waliokuja kumzika: wauza mkaa, wapasua mbao, walimu wa shule ya msingi, wazee wa mkonge waliosalia, vijana wa bodaboda. Na baiskeli. Zilipangwa kuanzia ukuta wa msikiti hadi barabarani, nyingine zimelazwa kwenye majani, na sidhani kama ilikuwepo hata moja ambayo haikuwahi kupita mikononi mwake.

Alikuwa fundi baiskeli. Miaka arobaini na minne alikaa mahali pamoja, chini ya mkungu mmoja, Manundu, si mbali na stendi. Watu walimwita Fundi, au Baba Mapacha, kwa sababu kaka na dada yangu wa kwanza walizaliwa pacha. Jina lake lenyewe wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku ile lilipotangazwa msikitini.

Naandika haya kwa sababu kwa miaka mingi nilimhesabia vibaya mzee huyu. Kazi yangu ni uhasibu, na kosa la hesabu ndilo huninyima usingizi. Katika makosa yote niliyowahi kufanya, hili ndilo kubwa.

Babu yetu aliletwa Tanga na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza mwaka 1944 kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Alikuwa Muha wa Kigoma. Akapewa mkataba, akapewa namba, na ndiyo maana watu wa mkonge wakaitwa manamba. Mkataba ulipoisha hakurudi kwao. Baba akazaliwa kambini mwaka 1948, akakua katikati ya Wangoni, Wamakonde, Wabena na Wanyamwezi, na Kisambaa akajifunzia sokoni. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha akaingia korona, pale majani ya mkonge yanaposagwa zikabaki nyuzi, yaani singa. Maji ya mkonge huwasha, yanakula ngozi. Mpaka anazeeka, viganja vyake vilikuwa na mabaka ya enzi zile.

Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani laki mbili na elfu thelathini za mkonge, kiwango ambacho haijawahi kukifikia tena. Korogwe ilikuwa katikati ya neema hiyo. Baba alikuwa ameshatolewa korona, akapelekwa karakana ya shamba, na huko alijifunza spana. Alituambia kwamba kila siku ya mshahara alikuwa akiona jambo lile lile: kibarua anapokea, anadunduliza, mwisho wa siku ananunua baiskeli. Na mwenye baiskeli lazima apate pancha. Akaanza kuziba pancha za wenzake jioni baada ya kazi. Mwaka 1976, mapacha wakiwa na miaka miwili, akaaga karakana, akajenga kibanda cha mabanzi chini ya mkungu.

Wateja walikuja kutoka Magunga, Ngombezi, Kwamndolwa, wengine walivuka Mto Pangani na mizigo ya ndizi. Phoenix za Kichina, Raleigh za Kiingereza zilizorithiwa kwa baba, Swala zilizoundwa hapa hapa nchini. Mapema miaka ya themanini, vitu vilipoadimika madukani, tyubu mpya ilikuwa ndoto. Alikata viraka kutoka tyubu zilizokufa, akashona tairi zilizochanika, na mara moja, mama anasema, alimjazia mwalimu mmoja tairi lote kwa singa, likakazwa kama godoro, mwalimu akaenda nalo kazini muhula mzima. Nilizaliwa 1983, kwa hiyo hayo ni ya kusimuliwa. Niliyoyaona mwenyewe ni makopo.

Yalikuwa makopo matatu ya kahawa ya Africafe, yamepangwa kwenye rafu nyuma ya boksi la gololi. La kwanza mtaji, la pili nyumbani, la tatu shule. Jioni, kabla ya kufunga, alimwaga fedha ya siku kwenye gunia, akaigawa. Kwanza alijaza mtaji: spoki zilizotumika leo, solusheni, grisi, kila kitu kirudi mahali pake. Kisha nyumbani. Kisha shule, hata kama ni sarafu moja. Siku ambayo haikubaki kitu cha shule, alichukua sarafu ya jana humo humo ndani ya kopo la shule, akaitoa, akairudisha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ili mkono usisahau njia." Kanuni ilikuwa moja tu, mtaji hauguswi. Nimeona makampuni yenye wahasibu wanne yakifa kwa kutoijua kanuni hiyo.

Aliivunja mara moja tu nikijua. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliugua malaria iliyopanda kichwani, akalazwa siku tisa. Kopo la mtaji likarudi nyumbani likilia kwa sarafu mbili. Miezi minne baada ya hapo baba alifanya kazi bila kipuri kipya hata kimoja. Alikuwa akivunja baiskeli mbovu kuponya nzima, na kwa kila mteja alisema wazi, "Hii spoki imetumika. Nikipata mpya nitakubadilishia bure." Wengine waliondoka. Waliobaki aliwabadilishia kweli, mmoja mmoja, mpaka walipokwisha.

Sasa niseme habari ya "shika hapa."

Ilikuwa ndiyo namna yake ya kutuita. Ukipita karibu na kibanda, hata umetumwa chumvi, unasikia: "Wewe, njoo ushike hapa." Unashika rimu naye anaizungusha, anaitazama kwa jicho moja, analegeza spoki ya upande huu robo mzunguko, anabana ya upande ule robo mzunguko, anazungusha tena. Au unashika ncha ya tyubu kwenye karai la maji, mnasubiri mapovu yaonyeshe tundu. Haongei sana. Baada ya muda anauliza, "Leo umeona nini?" Hakuwa anauliza umesoma nini. Umeona nini. Unaanza kusema kitu chochote, treni ya mizigo, nyoka shuleni, mwalimu aliyelia, na kabla hujajua umemwambia na lile ulilokuwa umeapa kutomwambia mtu. Dada yangu alimwambia pale, ameshika rimu ya nyuma ya Phoenix, kwamba kuna mwanamume mtu mzima anamngojea njiani akitoka shule. Baba hakuinua sauti. Alimaliza kubana spoki. Kuanzia kesho yake, kila saa tisa na nusu, alifunga kibanda, akaenda kusimama kwenye kona ya njia ile na baiskeli yake, akamsubiri, akampakia. Alifanya hivyo mwaka mzima wa masomo, na mtu yule hakuonekana tena upande ule.

Na mchana alikula nyumbani. Saa saba kamili anatundika ubao wa chaki, "Narudi saa 8:30," anapanda baiskeli. Tulikula sinia moja. Mteja wa mbali akimkuta anatundika ubao alikuwa na mawili, asubiri chini ya mkungu au aje naye tule wote. Wengi walikuja. Nimekula na watu ambao mpaka leo sijui majina yao.

Alfajiri, kabla ya adhana, ndiye aliyewasha moto. Mama alikuwa anauza maandazi na chai kwa wasafiri wa mabasi, na baba ndiye aliyekanda unga, mikono ile ile ya kubana nati. Maji yalipokatika bombani, na yalikatika sana, alifunga madumu manne kwenye baiskeli akaenda mtoni. Kwa mji wetu wa wakati ule hilo halikupita hivi hivi. Wanaume walimcheka waziwazi, wakasema Mama Mapacha kamlisha limbwata. Mzee mmoja akamwambia usoni, barazani, watu wakiwa wengi. Baba akatua dumu, akafuta jasho, akasema, "Kama ni limbwata, basi mpishi ana mkono mtamu." Akanyanyua dumu lake akaendelea. Kauli hiyo ilizunguka mji mzima, na mama, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, aliitunza kama khanga ya harusi.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa na hasira ya ghafla, na ilinipata. Mwaka 1994, niko darasa la tano, shilingi mia sita zilipungua kwenye kopo la shule. Siku hiyo ni mimi niliyekuwa nimeachiwa kibanda. Alinichapa pale pale chini ya mkungu, mbele ya wateja, Jumanne, na neno alilolitumia ni mwizi. Siku tatu sikupita Manundu. Nilizunguka kwa njia ya reli kwenda shule.

Ijumaa alivaa kanzu kwenda msikitini, akaingiza mkono mfukoni, akazikuta. Alikuwa amezichukua mwenyewe Ijumaa iliyotangulia, kwa ajili ya mchango wa msiba, mchango ukaahirishwa, akasahau. Alirudi kutoka swala, hakuja nyumbani. Akamtuma mtu aniite kibandani. Nilikwenda nikitetemeka. Wateja walikuwapo, na alikuwa amewaita kwa makusudi wawili kati ya walioona Jumanne. Akasimama na kanzu yake, akasema, "Huyu nilimpiga mbele yenu nikamwita mwizi. Fedha zilikuwa mfukoni mwangu. Mwanangu, nimekukosea, unisamehe."

Mzee mmoja akadakia, "Fundi, mtoto haombwi radhi."

Baba akamwambia, "Nimemchafua hapa. Nitakwenda kumsafishia wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sikujua mtu anajibuje. Nikasema, "Ndiyo, baba." Akanipa rimu. Shika hapa. Nimekuwa mzazi sasa, na nimelazimika kufanya hivyo mara mbili kwa binti yangu, mara moja mbele ya wageni. Ni vigumu kuliko ninavyoweza kueleza. Ulimi unakuwa mzito, unatafuta vijisababu. Kama nisingemwona mtu akifanya, nisingejua kwamba inawezekana.

Kosa langu la hesabu linaanzia Kariakoo. Mwaka 1988 binamu yake baba, aliyekuwa ameanza kuuza vipuri Gerezani, alimwita Dar es Salaam wawe wabia. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mali zinaingia, na mtu anayeijua baiskeli kama baba alikuwa dhahabu. Baba alikwenda. Wiki ya tatu akateremka kwenye basi Korogwe na boksi moja la spoki, kesho yake akafungua kibanda. Alipoulizwa alisema tu, "Nilikuwa nakula mchana na watu wasionijua." Watu walishangaa kidogo wakanyamaza. Binamu alipanda. Akafungua duka la pili, akajenga ghorofa, watoto wake wakasoma shule za kulipia.

Sisi tulikulia kwenye vyumba viwili na ukumbi. Na miaka ya tisini haikuwa na huruma na Korogwe. Mkonge ulianguka, mashamba yakaota vichaka, vibarua wakatawanyika, na katikati ya miaka hiyo treni ya abiria ikakoma. Wateja wa baba walipungua kama maji ya kiangazi. Kaka yangu, yule wa mapacha, aliishia kidato cha nne, si kwa kukosa akili, kopo la tatu ndilo lilishindwa. Nililiona hilo na lilinikaa moyoni.

Mwaka 2005 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea uhasibu, nikadhani nimeshajua dunia. Nikarudi likizo na karatasi. Nilikuwa nimekaa usiku mbili nikapiga hesabu ya Kariakoo: mauzo ya kukadiria ya duka la vipuri kuanzia 1988, gharama, faida, mgawo wa ubia, thamani ya kiwanja. Miaka kumi na saba. Chini kabisa nikapigia mstari jumla ya alichopoteza kwa kurudi. Nilijiambia namwonyesha ili tujifunze wote. Ukweli ni kwamba nilitaka aone.

Nilimpa chini ya mkungu. Akajifuta grisi kwa tambara, akavaa miwani, akaisoma karatasi yote kwa kidole, mstari kwa mstari, hakuruka hata mmoja. Akauliza maana ya maneno mawili, nikamweleza. Akarudi juu akaanza upya. Nilikuwa nasubiri akasirike, au atikise kichwa kwa majuto. Akaninyooshea karatasi, akaweka kidole upande wa mapato.

"Hesabu nzuri," akasema. "Chakula cha mchana umekiweka wapi?"

Nikadhani anamaanisha gharama ya chakula. Nikamwonyesha mstari wa matumizi. Akasema, "Siyo hicho." Akanirudishia karatasi, akachukua rimu iliyokuwa imeegemea mti, akanipa nishike.

Niliondoka nikiamini hakuelewa. Miaka kumi na mbili niliamini hivyo.

Julai 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na mwaka uliofuata idara yetu ikahama. Mke wangu alikuwa mwalimu Dar es Salaam, amepewa kuongoza idara shuleni kwake, watoto wako katikati ya masomo. Tukakubaliana nitangulie. Kila Ijumaa ya pili nilipanda basi jioni, nafika usiku wa manane, Jumapili mchana naondoka. Fedha zilikuwa nzuri. Tulianza msingi wa nyumba.

Jumamosi moja asubuhi mwanangu mdogo alikuja kitandani akacheka, nikaona hana meno mawili ya mbele. Nikamuuliza yametoka lini. Akafikiri, akaniambia la kwanza lilitoka Jumatatu ya wiki ile nyingine, la pili hakumbuki, muulize mama. Alisema bila kinyongo chochote, kama mtu anayemweleza mgeni habari za mji. Nilibaki pale nimekaa. Ile karatasi ya 2005 ilinirudia yote, na kidole cheusi cha grisi kwenye upande wa mapato.

Mwaka 2019 mke wangu alipata uhamisho. Alipoteza cheo chake, na mwaka ule tuliishi kwenye nyumba ya kupanga isiyotutosha. Msingi wa nyumba uko vile vile, umeota majani. Mchana siwezi kurudi kila siku kama baba, ofisi haifungwi kwa ubao wa chaki, lakini Jumatano narudi, na Jumatano watoto hawakubali kula bila mimi. Nilimpigia simu baba nikamwambia tumehamia wote. Akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akaniuliza kama mvua imenyesha huko. Karatasi hatukuitaja.

Desemba ile ile treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa Korogwe kwa likizo. Baba akaniomba nimsindikize stesheni usiku, ana miaka sabini na moja, na koti alilovaa ni la harusi ya kaka. Ilipoingia na taa zake alishika mkono wangu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu nikiwa mtoto. Akanisimulia mabehewa ya marobota ya singa yalivyokuwa yakiteremka bandarini Tanga, moja baada ya jingine, mtu anachoka kuhesabu. Wengine walikuwa bado wanapiga picha aliposema, "Twende. Mama yako hafungi mlango mpaka nirudi."

Lililofuata nataka kila mwenye mzazi mtu mzima alisome. Miaka miwili kabla, baba alipimwa akaambiwa ana shinikizo la damu, akapewa vidonge. Alimeza mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha, akasema amepona. Shinikizo la damu halina maumivu ya kukuambia lipo, na kujisikia vizuri mara nyingi ni kazi ya vile vidonge vyenyewe. Sisi watoto sita, wenye simu mkononi, tulimuuliza kila wiki habari za afya, akajibu nzuri, tukaridhika na nzuri. Hakuna aliyemwambia: nionyeshe pakiti. Agosti 2020 kiharusi kikamwangusha akiwa anakanda unga. Upande wa kulia ukafa, na maneno mengi yakapotea.

Mama aliacha biashara ya maandazi siku hiyo hiyo. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza usiku, mwanamke wa miaka sitini na saba, na hakuruhusu mkwe afanye kwa niaba yake ila kumshikia beseni. Jirani mmoja, kwa mapenzi tu, akamkumbusha yale ya zamani: "Kumbe limbwata lako bado linafanya kazi." Mama akamjibu, "Tulilishana."

Kibanda kilibaki na kijana aliyekuwa akijifunza kwa baba tangu akiwa na miaka kumi na mitano, yatima wa upande wa Ngombezi. Bodaboda zilipouteka mji, baba mwenyewe hakugusa pikipiki, lakini alimpeleka kijana huyu kwa fundi mwingine akajifunze, na ada ya mafunzo akaitoa kwenye kopo la shule, ingawa sote sita tulikuwa tumeshamaliza. Kila asubuhi kijana alikuja na bajaji, akambeba baba, akamketisha chini ya mkungu. Alikaa pale akitazama kazi. Rimu ikiwa haijanyooka alinyanyua mkono wa kushoto. Ikinyooka aliushusha. Ulikuwa hivyo mpaka kiharusi cha pili, Mei 2022.

Siku ya arobaini, baada ya hitma, wageni wameondoka, tulikaa na mama kuzungumza habari ya kibanda. Mmoja wetu alisema kipande kile karibu na stendi sasa kina thamani, tuuze, tumjengee mama. Halikuwa wazo baya wala la tamaa. Kijana akaomba ruhusa, akatoka, akarudi na makopo matatu na daftari. Miaka yote miwili alikuwa ameendelea kugawa vile vile kila jioni. La nyumbani alimletea mama kila siku, hilo tulilijua. La shule lilikuwa na shilingi laki moja na elfu themanini, na kwenye daftari kila tarehe imeandikwa. La mtaji lilikuwa limejaa. Nilikagua daftari lile kwa macho ya kazini, maana ndiyo tabia yangu, na sikupata pengo.

Mama akavuta kopo la kwanza, akamrudishia. "Mtaji hauguswi," akasema. Hapo mjadala wa kuuza ukaisha.

Jioni nikakaa na kijana nje. Nikamwambia ninavyokumbuka kushika rimu, mkono ukifa ganzi, nikitamani aniachie nikacheze mpira. Akaniangalia kwa mshangao. Akaniuliza, "Kwani kaka hujaona ule uma?" Nilikuwa nimeuona maisha yangu yote. Ni uma wa mbele wa Raleigh mbovu, umegeuzwa juu chini, umefungwa kwa boliti kwenye meza ya kazi. Nilidhani ni chuma chakavu cha kutundikia tyubu. Kijana akasema Fundi aliuunda mwenyewe zamani, kabla yeye hajazaliwa. Unaingiza gurudumu kati, unalizungusha, unanyoosha rimu peke yako na kwa usahihi zaidi, kwa sababu chuma hakitingishiki. Mtu akishika kwa mkono ndiyo inakuwa kazi, inabidi urudie. "Mimi alinifundisha kwa uma," akasema. "Ila mkija nyie, au nikiwa na jambo linanisumbua, alikuwa analitoa gurudumu humo, anatupa tulishike."

Mwaka huu, Machi, nilipita Korogwe na watoto. Mama hajambo, anatembea kwa fimbo. Manundu kijana alikuwa na wateja watatu, pikipiki moja na baiskeli mbili, na gurudumu liko kwenye uma linazunguka. Alimwamkia mke wangu, akawatazama wanangu. Yule wa meno, ana miaka kumi na mitatu sasa, alikuwa amekaa pembeni ameinamia simu, hajasema neno tangu Segera. Kijana akalegeza nati, akalichomoa gurudumu kutoka kwenye uma, akamwinulia.

"Wewe," akamwambia, "njoo ushike hapa."